Mkasi wa Mpiga Dramu

Ukiisikiliza In the Moment bila kuambiwa lolote, unaweza kushindwa kuamua kama ni bendi iliyo jukwaani au ni biti iliyotengenezwa na mtu mmoja chumbani kwake. Watu wanasikika ukumbini, hewa ya mahali inasikika, halafu besi inarudia kifungu kile kile kwa usahihi ambao vidole vya binadamu havina. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana albamu hii ya mwaka 2015 inastahili kufumuliwa mshono kwa mshono.

Mwenye kazi ni Makaya McCraven, mpiga dramu aliyezaliwa Paris mwaka 1983. Baba yake ni mpiga dramu Mmarekani mweusi, mama yake mwimbaji kutoka Hungaria. Alipohamia Chicago alipata nafasi ya kupiga mara kwa mara kwenye ukumbi wa The Bedford, akawa anaalika wenzake: Jeff Parker wa gitaa, Marquis Hill wa tarumbeta, Junius Paul na Joshua Abrams wa besi, na wengine. Walibuni papo hapo, bila nyimbo za kufuata. Maonyesho 28 yakarekodiwa, jumla ya saa 48 hivi za muziki. Kisha McCraven akakaa mbele ya kompyuta, akakata na kuunga mpaka zikabaki nyimbo 19 zilizotolewa na lebo ya International Anthem.

Kusema “akakata” ni rahisi, lakini kazi yenyewe ina mitego. Wa kwanza ni chumba. Wanamuziki wakipiga pamoja bila kuta za kuwatenga, kila maikrofoni inasikia kila chombo: ya besi inabeba matoazi, ya tarumbeta inabeba dramu. Kwa hiyo kumchomoa mpigaji mmoja na kumhamishia kwingine si jambo jepesi. Unapokata, unakata chumba kizima.

Mtego wa pili ni mwendo. Bendi isiyofuata metronomu huongeza kasi kidogo inapochangamka na hulegea inapovuta pumzi. Chukua vipimo vinne kutoka dakika ya tatu, uvibandike mbele ya vinne vya dakika ya tisa, na msikilizaji atajikwaa hata kama hawezi kukueleza amejikwaa kwenye nini. Hapa ndipo inaposaidia kwamba mwenye mkasi ndiye aliyeshika vijiti. McCraven amekulia kwenye hip hop, na hata akiwa jukwaani hupiga kwa namna inayokaribisha kukatwa: pigo zito la kwanza lipo mahali pake, na kati ya pigo na pigo ameacha nafasi. Anajua jioni ile ile ni wapi mkono wake ulitulia.

Mtego wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote. Toazi likigongwa huendelea kulia kwa sekunde kadhaa. Mkasi ukipita katikati ya mlio huo, mlio hukatika ghafla na kifungu huanza upya kama mtu aliyeshtuka usingizini. Fundi wa studio wa kawaida angeufifisha mshono huo usisikike. Katika In the Moment mishono mingine imeachwa wazi, nayo inageuka kuwa mapigo ya ziada ambayo hakuna aliyeyapiga. Huo ni utunzi kamili, na kuuita udanganyifu ni kutosikiliza.

Tena una ukoo wake. Mwaka 1969 Miles Davis alirekodi In a Silent Way, na mtayarishaji wake Teo Macero akatumia wembe na utepe kufanya jambo la kijasiri: upande wa pili, kipande cha mwanzo kinarudi mwishoni, si kwa kupigwa tena bali ni rekodi ile ile imebandikwa mara ya pili. Tofauti ni kwamba Macero hakuwa mmoja wa wapigaji. McCraven anakata mikono yake mwenyewe, na anapochagua kifungu anachagua pia namna alivyowasikiliza wenzake.

Njia hiyo aliipanua katika Universal Beings ya mwaka 2018, kwa vikundi vinne kutoka New York, Chicago, London na Los Angeles. Sehemu ya New York ndiyo yenye utajiri zaidi, kwa sababu kinubi cha Brandee Younger na vibrafoni ya Joel Ross ni vyombo vya milio mirefu, yaani vigumu zaidi kukata. Kifungu kinaporudia, mabaki ya mlio wa kinubi yanarudi pia, na taratibu yanakuwa wimbo wa pili chini ya wimbo. Nubya Garcia, kwenye upande wa London, anapuliza saksafoni kwa sentensi ndefu, naye ameachiwa nafasi ya kuzimaliza. Kwingine hali si hiyo: mara kadhaa wimbo unafifishwa pale pale mazungumzo yanapoanza kunoga, na hapo mzunguko umeshinda hadithi.

Mwaka 2022 ilitoka In These Times, iliyoandaliwa kwa takriban miaka saba, yenye vinanda vya nyuzi vilivyopangwa kwa makini na midundo ya hesabu zisizo za kawaida. Kule mkasi hausikiki tena. Ni kazi nzuri mno, lakini mimi bado naichagua ile ya The Bedford, yenye mishono nje.