Utafiti wa Sanaa Mpakani: Tuanze Wapi?

Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, tumehimizwa kuyatafuta yaliyo mema katika mila za makabila yetu yote. Wito huo tuliupokea kwa moyo, lakini namna ya kutafuta hatukuifikiria vya kutosha. Mara nyingi msanii hufika kijijini, hutazama ngoma siku mbili, kisha hurudi mjini kuiweka jukwaani. Huo si utafiti. Ni kuvuna shamba la mwenzio.

Njia iliyo bora imekwisha kuonyeshwa. Kuanzia mwaka 1982, huko Malya, mkoani Mwanza, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, waliyachunguza matatizo ya kijiji pamoja na wanakijiji wenyewe, wakatunga nao michezo na ngoma, kisha kazi hizo zikajadiliwa hadharani. Hapo sanaa ilikuwa chombo cha kuchunguzia, wala si pambo la ripoti. Hata hivyo, twaona hatari moja: utafiti unaoanza daima na tatizo huweza kukifanya kijiji kionekane mgonjwa, na ngoma ikawa kijiko cha dawa tu. Uzuri wa ngoma nao wastahili kuulizwa.

Tuitazame Tunduma. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka, Tanzania na Zambia. Mtafiti atakayepanga kazi yake iishie kwenye kizuizi cha forodha atarudi na nusu ya ngoma. Tena barabara kuu na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, zimeleta hapo watu wa kila upande. Nyimbo nazo zimechanganyika.

Kwa hiyo mpango wa kazi hauna budi kuwa na mambo manne. Kwanza, wazee na vijana waulizwe wao wanataka kujua nini juu ya sanaa yao. Pili, mtafiti ajifunze kwa kucheza na kusahihishwa, si kwa kuandika tu. Tatu, ajue majira, maana wakati wa mvua mkulima wa Mbozi yuko shambani. Nne, kazi iliyokamilika ionyeshwe kwanza kwa wenyewe, nao wawe na haki ya kuikataa.

Sharti hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo kipimo. Msanii asiyekubali kukataliwa na wenye ngoma bado hajaanza utafiti.