Kupima Ustadi wa Kiendeshi cha Skrini Ndogo kwa Pini Zake

Atakaye kujua kama kiendeshi cha skrini ndogo kimeandikwa na fundi mahiri, au na mtu aliyeridhika pindi picha ilipotokea mara ya kwanza mezani pake, na aziache kando rangi na herufi, asome ile mistari michache inayozishika pini. Kwani picha yaweza kutokea kwa bahati, ilhali adabu ya pini haipatikani ila kwa maarifa.

Na aanze na pini ya riseti, ambayo katika skrini za SSD1306 na ILI9341 hufanya kazi inaposhushwa, si inapopandishwa. Katika Linux ya leo kiendeshi hakiamuru volti, bali husema riseti ishikwe au iachiliwe, na kama kushika maana yake ni kushusha, jambo hilo hubainishwa kwingine, katika maelezo ya ubao wenyewe. Mwaka 2019, viendeshi vya skrini ndogo vya Linux viitwavyo fbtft vilipohamishwa kutoka namba za pini hadi utaratibu huu, thamani zilizokuwa za volti zikachukuliwa kuwa ni za maana, na mpangilio wa riseti ukapinduka hata ikabidi urekebishwe. Kwa hiyo 0 na 1 zisizo na maelezo ni dalili ya kutilia shaka.

Muda nao una hakimu wake, nao ni waraka wa mtengenezaji: ILI9341 hutaka riseti ishikwe angalau mikrosekunde 10, kisha ingojewe milisekunde 5 kabla ya amri yoyote, na 120 kabla ya amri ya kuiamsha. Mvivu hutia nusu sekunde kila mahali, na mimi humwona huyo ana nafuu kuliko mwenye pupa asiyengoja kabisa.

Lakini imtihani hasa ni pini ya kutenganisha amri na data. Skrini ya SSD1306, inapopokea kwa SPI ya nyaya nne, huitazama pini hiyo katika kila mpigo wa nane wa saa, yaani baiti inapokamilika. Basi kiendeshi kikiweka baiti kwenye foleni kisha kikaigeuza pini kabla baiti ya mwisho haijatoka, amri husomwa kuwa data, na mtumiaji huona nukta za ovyo zisizo na sababu ijulikanayo, zinazoweza kutoweka kasi ya SPI inapobadilishwa. Aghalabu lawama huangukia waya. Mwandishi mwema husubiri upelekaji ukamilike, ndipo aiguse pini.

Fauka ya hayo, atazame pini zisizo za lazima: ubao usio na waya wa riseti usikataliwe, bali kosa la kweli la kuipata pini lisimezwe kimya. Na pini iliyo nyuma ya kipanuzi cha pini kama PCF8574 hufikiwa kwa I2C, njia ambayo yaweza kulazimika kulala; haifai kuguswa ndani ya kikatizo.

Taa ya nyuma iwashwe mwisho, picha ya kwanza ikiisha kuandikwa, kwa kuwa kumbukumbu ya skrini hupata umeme ikiwa na takataka. Na wakati wa kuzima, taa itangulie.