Pongezi kwa Hana, Mama wa Yuki na Ame

Miongoni mwa akina mama wanaolea peke yao katika filamu za vibonzo za Kijapani, anayestahili pongezi za pekee ni Hana wa *Ookami Kodomo no Ame to Yuki*, filamu iliyoongozwa na Mamoru Hosoda na kutolewa mwaka 2012, ambaye baada ya kufiwa na mwenzi wake anabaki na watoto wawili wenye uwezo wa kugeuka mbwamwitu. Yuki anapomeza dawa ya kukaushia unyevu, mama huyo anashindwa kuamua ampeleke kwa daktari wa watoto au wa mifugo, akaishia kuomba ushauri kwa simu. Anapohamia kijijini milimani, mboga zake zinanyauka hadi mzee Nirasaki, mkali wa maneno, anapomfundisha kulima shamba linalozidi mahitaji yake, na viazi vya ziada vinamwingiza katika ujirani wa kupeana mazao bila kuuziana. Tabasamu lake lisilokoma huenda likamchosha mtazamaji. Hata hivyo, kumwachia Yuki achague ubinadamu na Ame achague msitu ndiko kunakomweka Hana juu ya walezi wengi wa kubuniwa.