Shahidi au Mfiadini? Neno juu ya Masimulizi ya Watakatifu wa Uganda

Tukiwasimulia watoto habari za Watakatifu 22 wa Uganda, sisi walimu hutumia maneno mawili bila kuyapima: mara twasema mashahidi, mara wafiadini. Wengine watadhani ni mamoja. Mimi naona si mamoja, na hitilafu yake yagusa mafundisho yenyewe, wala si sarufi peke yake.

Neno mfiadini limeundwa vizuri. Kufia ni kufa kwa ajili ya kitu. Hapo likaongezwa dini. Sifa yake ni kwamba halichanganyiki na shahidi wa barazani, ambaye pengine husema uongo. Walakini lina upungufu, maana laitazama saa ya mwisho tu. Tena kufia si sifa kila mara: mtu aweza kufia mali yake, na mwenzake akafia ubishi.

Neno shahidi limetoka katika Kiarabu, na Waislamu nao wanalo. Asili yake ni mtu aliyeona jambo akalisema. Ndiyo maana ya martys katika Kiyunani vilevile. Jirani zetu Waganda huwaita Watakatifu hao Abajulizi, na omujulizi kwao ni shahidi. Basi lugha hizo zakubaliana kwamba kazi ya mtu huyu ni kusema aliyoyajua, nayo huifanya akiwa hai.

Na tuyapime masimulizi yetu kwa maana hiyo. Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879, wakaondoka 1882, wakarudi 1885. Katika miaka ile ya kati hapakuwa na padre. Ni nani basi aliyefundisha? Ni waamini wenyewe: Yosefu Mukasa Balikuddembe katika jumba la mfalme, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba katika nchi ya Ssingo, na wengine. Yosefu alimkanya Kabaka Mwanga kwa ajili ya kuuawa kwa Askofu Hannington, naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga akashika nafasi yake ya kuwaongoza vijana, na usiku wa kuamkia 26 Mei 1886 akambatiza Kizito na wenzake wachache. Noe Mawaggali alikuwa mfinyanzi, mtu wa kazi ya mikono. Hayo yote yalitangulia moto wa Namugongo wa tarehe 3 Juni 1886.

Lakini sisi huanza na kuni na matete. Twafanana na mtu asimuliaye habari za kibanja akaanza siku ya kukata mkungu, asitaje samadi wala nyasi zilizotandazwa shinani. Na matunda ya kosa hili nimeyaona. Siku moja, hapa Kagondo, niliuliza darasani ni nani atakaye kuwa mtakatifu. Mtoto mmoja akajibu, “Mwalimu, hapa kwetu hakuna mfalme wa kutuua, haiwezekani.” Wenzake walicheka, mimi sikucheka. Alikuwa amejibu sawasawa na nilivyomfundisha.

Tena sisi wa Bukoba tuna sababu zaidi ya kuikumbuka ile miaka isiyo na padre. Mwaka 1892, vita vya Buganda vilipowatawanya Wakristo, Askofu Hirth alivuka kuja upande wetu pamoja na wakimbizi, ikaanza misioni ya Kashozi. Kwa hiyo imani ilitufikia pamoja na watu wa kanisa lile lile lililozoea kufundishana lenyewe. Huo ndio urithi wetu, wala si majivu peke yake.

Sisemi neno mfiadini lifutwe. Kanisa lilipowatangaza kuwa wenye heri mwaka 1920, na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, lilitazama kifo chao, na kifo hicho hakipunguzwi. Yafaa tu tuyapange maneno: mfiadini tulitumie kwa saa ile ya mwisho, shahidi kwa maisha yote. Na masimulizi yaanze mwaka 1879, kwa mafundisho, ufinyanzi na ujasiri wa kumkanya mkubwa. Hapo yule mtoto ataona kwamba ushahidi waanza kwao nyumbani, wala hana haja ya kumngojea mfalme.