Imani ya Kijana katika Maandishi ya Teresa wa Lisieux

Masimulizi ya maisha ya watakatifu ni tawi la zamani katika maandishi ya Kikristo, na desturi yake yajulikana. Mtakatifu huzaliwa na dalili njema, hukua bila kosa, huteswa bila kunung'unika, na hufa akitabasamu. Masimulizi ya namna hii yamewafaa watu wengi, wala si haki kuyadharau. Lakini kijana Mkatoliki ayasomaye siku hizi hukutana na shida moja: huonyeshwa mwisho wa safari asionyeshwe njia. Siku anaposinzia katika sala, au anapotoka katika chumba cha mihadhara na shaka asiyoweza kuijibu, hujiona kuwa amekwisha kutengwa na jamii ya waaminio, kwa kuwa watu aliosoma habari zao hawakusinzia wala hawakuona shaka. Hivyo kitabu kilichokusudiwa kumtia moyo humvunja moyo.

Yafaa kuuliza kama kosa hili ni la watakatifu wenyewe au la wale waliowasimulia. Swali hilo ni gumu, maana mara nyingi msomaji hana ila maneno ya msimulizi. Kipo, hata hivyo, kitabu kimoja kitoacho nafasi ya kulipima, kwa sababu kimewafikia wasomaji katika sura mbili: sura iliyopitiwa na mhariri, na sura iliyotoka mkononi mwa mwandishi. Nacho ni kitabu cha Teresa wa Lisieux kiitwacho kwa Kifaransa Histoire d'une âme, yaani Historia ya Nafsi.

Thérèse Martin, ambaye Wakatoliki wa Afrika Mashariki humwita Teresa wa Mtoto Yesu, alizaliwa Alençon, Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Mama yake alifariki wakati mtoto ana miaka 4. Aliingia monasteri ya Wakarmeli mjini Lisieux tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15, na humo alikufa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Maisha yake yote, basi, yalikuwa utoto na ujana. Hakupata kuutazama ujana kwa mbali, kama wafanyavyo wazee waandikao kumbukumbu zao. Aliuandika angali ndani yake. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Vyeo hivi vikubwa vyaweza kumsahaulisha msomaji kwamba mwenye kupewa vyeo hivyo hakusoma chuo chochote, na kwamba aliandika kwa agizo la wakubwa wake katika nafasi ndogo alizozipata baada ya kazi.

Kwa asili yake kitabu hiki si kimoja bali ni maandishi matatu. Ya kwanza aliyaandika mwaka 1895 kwa agizo la Mama Agnès, mkuu wa monasteri wakati huo, ambaye alikuwa pia dada yake wa damu na mlezi wake baada ya kifo cha mama yao. Ya pili ni barua ya Septemba 1896 kwa dada yake mwingine, Marie, naye mtawa katika nyumba ile ile. Ya tatu aliyaandika Juni na Julai 1897, ugonjwa ukiwa umekwisha kumshinda, kwa Mama Marie de Gonzague aliyekuwa amerudi katika ukuu. Kurasa zake za mwisho ni za penseli, kwa kuwa mkono ulikuwa umechoka.

Mwaka mmoja kamili baada ya kifo chake, nakala 2,000 zilipigwa chapa. Mama Agnès ndiye aliyeyatengeneza maandishi kwa ajili ya chapa hiyo. Mwaka 1956, maandishi ya asili yalipotolewa kama yalivyo, tofauti zilizohesabiwa baina ya sura hizo mbili zilizidi 7,000. Hapana budi kusema kwa uadilifu kwamba nyingi ni ndogo sana: nukta, tahajia, neno moja badala ya jingine. Tena Teresa mwenyewe alikuwa amempa dada yake ruhusa ya kuongeza na kupunguza. Na sura hiyo iliyotengenezwa ndiyo iliyompeleka mtawa asiyejulikana mpaka kwa wasomaji wa dunia nzima. Mhariri, basi, hakuwa mwongo. Alikuwa dada aliyempenda marehemu, akamvika nguo za sikukuu kabla ya kumtoa mbele ya wageni.

Lakini nguo za sikukuu huficha mwili. Badiliko kubwa kuliko yote halikuwa la neno moja, bali la mtu anayeambiwa. Maandishi yote matatu yalitengenezwa yaonekane kana kwamba yaliandikwa kwa Mama Marie de Gonzague peke yake. Katika asili, mdogo anazungumza na dada aliyemlea, na lugha yake ni ya nyumbani, yenye majina ya utani na kicheko. Kisha anamwandikia dada wa pili kwa lugha iliyo karibu na sala. Mwisho anazungumza na mkuu wake, kwa heshima na tahadhari. Sauti hizi tatu zilipofanywa moja, mazungumzo yakawa taarifa ya mwanafunzi mwema kwa mkubwa wake. Msomaji hupoteza jambo la maana: kwamba imani ya msichana huyu ilisemwa kwa watu aliowajua, kila mmoja kwa namna yake, kama kijana yeyote asivyoweza kumwambia dada yake jambo kwa maneno yale yale atakayomwambia mzee wa kanisa.

Uzuri wa maandishi ya asili waonekana hasa katika udogo wa matukio yake. Teresa asema kwamba uongofu wake ulitimia usiku wa Noeli ya mwaka 1886, alipokuwa karibu kutimiza miaka 14. Msomaji aliyezoea visa vya watakatifu hutazamia nuru au sauti kutoka mbinguni. Hapana. Familia imerudi kutoka Misa ya usiku wa manane. Baba amechoka, naye anaonekana kuchoshwa na desturi ya kuweka zawadi katika viatu vya binti aliyekwisha kukua, akisema kwamba afadhali huu ni mwaka wa mwisho. Binti anamsikia akiwa anapanda ngazi. Alikuwa mtoto wa kulia kwa kila jambo, na akiisha kulia, hulia tena kwa kuwa alilia. Usiku huo anayazuia machozi, anashuka, anafungua zawadi zake kwa furaha, na baba anacheka. Kisa kimekwisha. Ni nani asiyepata kusikia neno la mzazi aliyechoka lisilokusudiwa masikio yake? Teresa alilipokea neno hilo bila kulipiza na bila kununa, akahesabu kwamba hapo ndipo Mungu alipomfanya mtu mzima. Mwandishi mwenye fahari angalikiacha kisa hiki nje kwa udogo wake. Teresa alikiweka katikati.

Ukweli kama huo wamo katika habari za sala. Akiri kwamba kwa miaka alisinzia katika saa za sala, wala hakujitesa kwa hofu, kwa kuwa mtoto hupendwa na wazazi wake akilala kama anavyopendwa akiwa macho. Akiri tena kwamba kusali rozari peke yake kulikuwa kazi nzito kwake, nzito kuliko kitubio cha mwili, kwa kuwa mawazo yake hayakutulia. Asimulia habari za mtawa aliyemkera sana kwa tabia zake, ambaye alijilazimisha kumchekea hata mwenzake akadhani anapendwa kwa namna ya pekee. Na za mwingine ambaye, wakati wa kufua, alimrushia usoni maji machafu. Kijana akaaye katika bweni la chuo, mwenye jirani asiyejua kunyamaza na zamu ya usafi isiyotimizwa na wenzake, haoni ugeni hapa. Vita vya imani havimngojei kwenye uwanja wa mashahidi. Vimo katika chumba chake.

Jambo zito kuliko yote limo katika maandishi ya tatu. Katika siku za Pasaka ya mwaka 1896, baada ya kutema damu kwa mara ya kwanza, Teresa aliingia katika giza. Mpaka hapo alikuwa hawezi kusadiki kwamba wako watu wasio na imani kweli kweli. Alidhani husema kinyume cha yaliyomo mioyoni mwao. Sasa alijua. Ajifananisha na mtu aliyezaliwa katika nchi ya ukungu, aliyesikia habari za nchi yenye jua, kisha ukungu ukamwingilia hata mawazo ya nchi hiyo. Asema habari za ukuta uliofika mbinguni na kuziba nyota. Sauti ya dhihaka ilimwambia kwamba kifo hakitampa anachokitumaini. Alikatiza maelezo kwa kuogopa kukufuru. Wakati ule ule aliandika mashairi ya furaha ya mbinguni, na watawa wenzake wakadhani moyo wake umejaa faraja. Lakini alieleza kwamba aliimba kile alichotaka kukisadiki. Akaandika Nasadiki kwa damu yake, akaichukua kifuani.

Habari hizi zilikuwamo hata katika chapa ya kwanza, kwa hiyo haitoshi kumlaumu mhariri. Lawama nyingine yawaangukia wasomaji, ambao kwa muda mrefu walichagua mawaridi wakaliacha giza. Na lawama ya tatu, ikiwa uhakiki utatenda haki, ni ya mwandishi mwenyewe. Lugha yake ina maua mengi kupita kiasi. Kila kitu ni kidogo: ua dogo, ndege mdogo, njia ndogo. Ndiyo ladha ya nyumba za Kikatoliki za Ufaransa ya zama zake, na kijana wa Dodoma au Kisumu ana haki ya kuichoka kabla ya kufika ukurasa wa 50. Yampasa avumilie, kama mla nazi asiyeishia kwenye makumbi. Chini ya maua hayo limelala wazo gumu: kwamba imani si hali ya kuona raha moyoni, bali ni tendo la hiari, liwezalo kutendwa gizani, na kwamba Teresa, katika mwaka wa giza, aliona amelitenda mara nyingi kuliko katika maisha yake yote ya nyuma.

Wazo hilo hakulifanya siri. Miongoni mwa watu aliowaandikia barua alikuwamo Maurice Bellière, mwanafunzi wa upadri mdogo kwake kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, aliyesumbuliwa na makosa yake ya zamani na kwa kupenda starehe za nyumbani. Teresa alimpa mfano wa watoto wawili waliomkosea baba yao: mmoja anajificha kwa hofu, wa pili anajitupa mikononi mwa baba akiomba busu liwe adhabu yake. Hakumwambia kwamba mtoto wa pili hatakosa tena. Alisema baba ajua atakosa, naye yu tayari kusamehe. Bellière alijiunga na Mapadri Weupe, na baadaye akatumwa Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi. Afya yake haikudumu, akafa Ufaransa mwaka 1907. Hakuna aliyemtangaza mtakatifu. Lakini barua alizoandikiwa zaonyesha imani ikifanya kazi yake mahali pake hasa, baina ya kijana na kijana, mmoja akimshika mkono mwenzake anayejikwaa.

Somo hili la uhakiki halikomei Lisieux. Mashahidi vijana wa Afrika, kama Kizito aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Isidore Bakanja wa Kongo aliyefariki mwaka 1909 kwa majeraha ya kupigwa kwa ajili ya skapulari aliyoivaa, hawakuacha madaftari. Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alitumia kompyuta kueneza habari za miujiza ya Ekaristi; lakini habari za moyo wake kwa sehemu kubwa zasimuliwa na waliomjua. Hao wote wamo katika mikono ya wasimulizi. Papa Fransisko, katika waraka wake kwa vijana wa mwaka 2019, Christus Vivit, alimtaja Carlo kuwa kijana aliyejua kwamba mitambo hiyo yaweza kumfanya mtu mtumwa. Neno hilo lina faida kuliko picha mia za kijana mwenye suruali ya jinzi, kwa sababu lataja hatari aliyoitambua.

Hata picha za Teresa zilipata bahati ya maandishi yake. Dada yake Céline, aliyempiga picha monasterini, alizirekebisha uso uwe laini zaidi. Picha halisi zilitolewa mwaka 1961. Uso uonekanao humo ni wa msichana mwenye afya ya shamba na taya imara, na siku za mwisho ni wa mgonjwa aliyechoka. Wako waliohuzunika walipouona. Kijana aaminiye hana sababu ya kuhuzunika, maana uso ule wafanana na uso wake. Wasimulizi wa watakatifu wa kesho, wengi wao wakiwa wanafunzi leo, wana wajibu wa kuuacha kama ulivyo, pamoja na usingizi wake, kinyongo chake alichokishinda, na usiku wake. Atakayesoma atajua kwamba njia ina mawe, na kwamba wako waliopita juu yake.