Karata za Mwanafunzi wa Hisabati

Mwaka 1991 Richard Garfield, mwanafunzi wa udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alimwonyesha Peter Adkison wa kampuni ya Wizards of the Coast mchezo wake wa mbio za roboti, RoboRally. Jibu: kuuchapa ni ghali mno. Kampuni changa ilitaka mchezo mwepesi, wa kubebeka, unaokwisha upesi.

Garfield akarudi na wazo la karata ambazo kila mchezaji huzikusanya na kujipangia seti yake, nyingi zikiwa na uwezo wa kupindua kanuni za kawaida. Za majaribio hazikuwa na urembo wowote. Wanafunzi wenzake walizicheza, wakabishana, wakafichua zilizozidi nguvu. Na hapo ndipo penye sifa: kutunga kanuni si kazi sana, kutulia ukitazama wenzio wakizibomoa ndiko kunakotaka moyo.

Mchezo huo wa karata, Magic: The Gathering, ulitoka 1993, mwaka uleule Garfield alipopata udaktari wake. RoboRally nayo ikachapwa 1994.

Mwanafunzi anayetaka kuanza leo kutunga mchezo wake na achukue boksi kuukuu, mkasi na kalamu, kisha awaite marafiki wasioona haya kumkosoa.