Thamani ya Bati

Mthamini mzuri huanza na tumbo la treni. Hukigeuza kichwa chake juu chini, akatafuta mahali bati lilipoungwa, kisha akapitisha ukucha juu ya lehemu. Nilimtazama mzee mmoja akifanya hivyo huko Göppingen, mji wa kusini mwa Ujerumani ambao ni nyumbani kwa treni za kuchezea za Märklin. Kijana aliyemletea urithi wa babu yake alikuwa ameshika simu, tayari kuandika bei. Mzee hakuwa na haraka. Alikuwa akiisoma kazi ya mtu aliyekwisha kufa zamani.

Nayo ni kazi ya kusomwa. Katika treni za mwanzo, bati lilikunjwa na kulehemiwa kipande kwa kipande, likapakwa rangi kwa brashi, kisha mkono usiotetemeka ukachora mistari myembamba ubavuni, na vanishi ikafuata. Aliyewahi kumwona fundi bati akiukunja ukingo wa kibatari ili usimkate mtu kidole atayatambua mabehewa hayo papo hapo. Fundi alijua kwamba atakayekishika kitu hiki ni mtoto.

Nyumba ya Märklin ilianza mwaka 1859 kwa kutengeneza vyombo vya jikoni vya wanasesere. Mwanzilishi wake alipofariki mwaka 1866, mjane wake Caroline aliishikilia kazi isife. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya Leipzig, kampuni ikaleta treni yenye reli za vipimo maalumu, ili mtoto aongezewe behewa au kipande cha reli mwaka baada ya mwaka. Wazo hilo nalipenda kuliko yote: zawadi isiyokwisha siku inapofunguliwa.

Lakini soko la leo lina mizani nyingine. Rangi ya asili ikiwepo, hata ikiwa imechubuka, bei hupanda. Baba aliyeona mkwaruzo, akanunua kopo la rangi na kukipaka kichwa upya ili mwanawe afurahi, ameiangusha thamani yake kwa upendo ule ule. Boksi la karatasi ngumu, ambalo watoto wengi walilitupa siku ya kwanza, laweza kuongeza fedha nyingi. Magurudumu nayo huchunguzwa, maana zinki ya zamani iliyoingiwa na risasi huvimba, hupasuka na kumomonyoka yenyewe, hata kabatini. Kwa hiyo inayolipiwa zaidi ni treni ambayo haikuchezewa. Ile iliyozunguka sakafuni kila Krismasi, ikaanguka mezani, ikanyoshwa kwa koleo na kurudishwa relini, huitwa mbovu.

Naliona jambo hili kuwa dhuluma. Fundi hakuukunja ule ukingo kwa ajili ya kabati la kioo.

Hata hivyo, kabati nalo linapungukiwa na wenyewe. Wakusanyaji wanazeeka, na wanapofariki, makusanyo yao huingia sokoni kwa pamoja. Treni za kawaida za meza, zilizotolewa kwa wingi tangu Märklin ilipoleta kipimo kidogo mwaka 1935, sasa ni nyingi kuliko wanunuzi. Warithi husikia hadithi ya Krokodil, ile injini ndefu ya milima ya Uswisi, wakadhani kila boksi la darini lina mali kama hiyo. Wakiambiwa vinginevyo, hukasirika, wakamwuzia mtu wa kwanza kupita.

Hapo ndipo seti huvunjwa. Kichwa huenda kwa mnunuzi mmoja, mabehewa kwa mwingine. Reli, ambazo babu alizinunua kipande kimoja kimoja kila mwaka, huuzwa kwa uzito wa chuma, bila yeyote kumwuliza bibi, kama yu hai, ni ya mwaka gani ile iliyopinda.